Jiwe linalokaa karibu kuanguka: juu ya nini halianguki, na ni lipi la kuogopa

Mwanzo wa mwaka wa 2009, inchi ya Zimbabwe ilitoa noti ya dola trilioni 100. Wengi wetu huku Lubumbashi tuliiona, kwa mkono ao kwa simu, na tulicheka juu ya zile zero 14. Lakini upande wa mbele wa noti ile kuna picha ambayo watu hawakuiangalia sana: mawe makubwa yamepandana, moja juu ya lingine, sawa mama wa soko aliyepanga mabeseni kichwani. Hakuna simenti, hakuna fimbo ya kushikilia. Mawe hayo ni ya kweli. Yako Epworth, nje kidogo ya muji wa Harare, na watu wanajenga nyumba karibu nayo.

Mawe ya namna hiyo yako pia karibu na sisi zaidi. Yule aliyefika Mwanza, kule Tanzania, anajua Jiwe la Bismarck, lililo ndani ya maji ya ziwa Victoria karibu na ukingo. Wadachi ndio walilipa jina la kiongozi wao Otto von Bismarck, wakati walipokuwa wakitawala. Jiwe la juu linakaa kwenye mawe mengine kwa namna ambayo mgeni anauliza: hii inangojea nini? Huko Kenya, kwenye barabara ya kutoka Kisumu kwenda Bondo, kuna Kit Mikayi, mawe yaliyopandana mupaka urefu wa karibu mita 40. Kwa Kijaluo, jina hilo ni jiwe la mke wa kwanza. Wanasimulia kama muzee mmoja, Ngeso, alikuwa anaenda kukaa kwenye pango la lile jiwe kila siku, na bibi yake anamupelekea chakula. Watu wakimuuliza bwana yako iko wapi, anajibu: ameenda kwa mke wake wa kwanza. Mupaka leo watu wanaenda kuomba pale, zaidi sana waamini wa Legio Maria.

Karibu kila jiwe la namna hiyo lina hadithi yake: jitu ndilo lililipandisha, ao babu mwenye nguvu, ao Mungu mwenyewe. Mimi siwezi kuwacheka wenye hadithi hizo. Ukisimama chini ya jiwe lenye uzito wa malori kumi, unatafuta maelezo. Lakini maelezo ya wataalamu wa mawe ni ya ajabu pia, na yana faida kwa sisi tunaokaa kwenye majimbo haya ya mashariki, ambako ardhi inatikisika na milima inateremuka.

Jambo la kwanza la kuelewa: hakuna mtu aliyepandisha jiwe la juu. Halikubingirika kutoka kwingine pia. Lilikuwa palepale tangu mwanzo, ila lilikuwa limezikwa.

Mawe ya Harare na ya Mwanza ni graniti. Graniti inazaliwa chini sana, ikiwa moto, kisha inapoa polepole na kuwa ngumu. Ile ya Mwanza ina umri wa zaidi ya miaka miliari 2. Kadiri mawe na udongo wa juu yake vinavyoondoka, uzito unapungua, na graniti inapasuka: nyufa zingine zinasimama, zingine zinalala. Kwa hiyo chini ya ardhi kunakuwa sawa na ukuta wa matafari makubwa, yaliyopangwa vizuri na kugusana pande zote.

Sasa maji ya mvua yanaingia ndani ya nyufa. Weka kipande cha sabuni cha pembe ine ndani ya beseni la maji uache. Ni wapi panaisha kwanza? Pembeni. Upande wa bapa unaguswa na maji mara moja, lakini pembe inashambuliwa kutoka pande tatu kwa pamoja. Kisha muda, kipande kile kinakuwa cha mviringo. Graniti iko hivyohivyo, ila kazi hiyo inachukua maelfu na maelfu ya miaka, gizani, chini ya udongo. Pembeni kunaoza na kuwa mchanga, katikati kunabaki mawe ya mviringo yaliyo magumu. Kisha mvua inaosha mchanga ule, mto unaubeba, na mawe yanajitokeza palepale yalipokuwa: moja juu ya lingine, kwa sababu yalikuwa matafari ya ukuta moja.

Watu wa Lubumbashi wanaweza kuuliza juu ya nini sisi hatuna vilima vya namna ile. Ardhi ya muji wetu si ya graniti. Ni mawe ya tabaka, yale yenye shaba, na yanaoza kwa namna nyingine. Kwetu kitu kinachosimama katikati ya pori ni kichuguu. Kukuta graniti, panda kaskazini, upande wa Mitwaba na Manono, kwenye milima ya Kibara. Bati na lithium vya Manono vinatoka kwenye mawe ya jamaa ileile.

Ulizo linalobaki ni lile la mgeni wa Mwanza: inangojea nini?

Jibu linapatikana kwenye kinga. Angalia mtu anayeleta makala muji, kinga imebeba mifuko mitano ao sita, imepita kichwa cha mwenyewe. Haianguki kama uzito wa mzigo wote unateremukia katikati ya magurudumu. Inaanza kuanguka siku ile mzigo umeinama mupaka uzito unapita nje ya magurudumu. Jiwe ni hivyo. Kila jiwe lina sehemu moja ndani yake ambayo uzito wote ni kama umekusanyika hapo. Ukishusha kamba kutoka sehemu hiyo mupaka chini, na kamba ile ikafika ndani ya wayo wa jiwe, jiwe limekaa. Macho yetu hayaoni kamba ile. Macho yanaona tumbo kubwa na mguu mdogo, na moyo unaruka.

Na kuna jambo lingine ambalo watu wanasahau. Jiwe lile halikuanza jana kuwa peke yake. Wakati mchanga ulikuwa unaondoka, kila jiwe lililokuwa limekaa vibaya liliisha kuanguka. Zunguka chini ya kilima cha graniti utayakuta, yamelala kwa chungu. Yale yaliyobaki juu ndiyo yaliyopita mtihani.

Mtihani huo wataalamu wa tetemeko la ardhi waliuona. Miaka ya 1990, mtaalamu moja wa Marekani, James Brune, wa chuo kikuu cha Nevada huko Reno, alianza kuzunguka katika jangwa la Nevada na la California akitafuta mawe yaliyokaa karibu kuanguka. Wazo lake lilikuwa rahisi. Tetemeko ni kusukumwa kwa upande. Kama jiwe ni jembamba, na linahitaji kuinama digri 15 tu ndipo lianguke, basi nguvu ya kulianzisha ni karibu robo ya uzito wake, ikisukuma kwa upande. Jiwe likiwa kubwa sana, nguvu ile inapaswa tena kudumu, si kugonga mara moja na kuacha. Sasa, kama jiwe lingali limesimama, maana yake ni kwamba tangu siku lilipobaki peke yake, ardhi ya pale haijatikisika kwa nguvu ya namna ile. Jiwe linakuwa mushuhuda asiyesema uongo.

Ili mushuhuda afae, unapaswa kujua umri wake. Kuna miale inayotoka mbinguni, mbali sana kupita jua, inayogonga mawe kila siku. Ndani ya kwarzi, zile chembe za kungaa za graniti, miale hiyo inatengeneza kidogokidogo kitu kinaitwa beriliamu-10. Jiwe lililo chini ya udongo halipati. Jiwe lililo wazi linapata, na kadiri linavyokaa wazi ndivyo linavyojaza. Wataalamu wanabandua kipande kidogo, wanahesabu kwenye maabara, na wanajua jiwe limekuwa wazi kwa miaka ngapi. Mwaka wa 2020, timu ya Imperial College ya London ilitangaza kazi waliyofanya kwa njia hiyo karibu na kiwanda cha nguvu za nyuklia cha Diablo Canyon, huko California. Mawe waliyopima yalikuwa yamesimama maelfu ya miaka. Kwa sababu hayakuanguka, waliweza kupunguza makadirio ya tetemeko kubwa kabisa ambalo kiwanda kile kinaweza kukutana nalo.

Hapa ndipo mambo yanatugusa. Sisi wa mashariki tunakaa kwenye ufa mkubwa wa Afrika. Tarehe 11 Septemba 1992 tetemeko la kipimo cha zaidi ya 6 lilipiga Kabalo. Tarehe 5 Desemba 2005 ziwa Tanganyika lilitikisika kwa kipimo cha 6.8, nyumba zilibomoka Kalemie, watu walikufa, na tetemeko lilisikika mupaka Nairobi. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Mungu, watu wakiwa kanisani, ilikuwa zamu ya Bukavu na ya ndugu zetu wa ngambo, huko Rwanda, ambako makanisa yaliangukia watu. Na yale makubwa kuliko hayo wachache wanayajua: tarehe 13 Desemba 1910, upande wa ziwa Rukwa huko Tanzania, tetemeko la kipimo cha karibu 7.4, moja ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika. Kutoka pale mupaka Lubumbashi haifiki kilometa 600 kwa njia ya ndege. Muji wetu ulikuwa ndio unaanza, mwaka uleule wa 1910. Hakukuwa na nyumba nyingi za kubomoka.

Mashine za kupima tetemeko zilianza kufanya kazi Lwiro, Kivu ya Kusini, miaka ya 1950. Ni karibu miaka 70 tu. Tetemeko kubwa linaweza kungoja miaka mia tano ao elfu mbili mbele ya kurudi palepale. Mtu anayepima miaka 70 ni sawa na mtu aliyefika kwenye mechi dakika ya mwisho na anataka kueleza mchezo wote. Jiwe la graniti limeangalia mechi tangu mwanzo.

Chukua Jiwe la Bismarck. Tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 lilipiga upande wa Bukoba, ngambo ya ziwa, na watu zaidi ya 15 walikufa. Kutoka pale mupaka Mwanza ni karibu kilometa 200. Jiwe halikuanguka. Hiyo haiseme kwamba Mwanza haiwezi kupigwa. Inasema tu kwamba tetemeko la siku ile halikufika pale na nguvu za kupita wayo wa jiwe. Mushuhuda anajibu ulizo la pale anaposimama, hajui habari za Kalemie. Ndiyo sababu kila kilima kinahitaji mushuhuda wake, na ndiyo sababu kuvunja jiwe la namna hiyo ili kupata graviye ya kujengea ni hasara ambayo huwezi kuilipa na feza za lori mbili.

Watu wa Tandil, huko Argentina, wanaijua hasara hiyo. Walikuwa na jiwe la tani karibu 300, kwenye ukingo wa kilima, ambalo lilikuwa linatikisika polepole peke yake. Watu walikuwa wanaweka chupa chini yake ili kuona zinavyovunjika. Wakati uleule, kilima kilikuwa kinachimbwa mawe ya kutengeneza barabara, na baruti zilikuwa zinalia kila siku. Tarehe 29 Februari 1912, mchana ukielekea jioni, jiwe lilianguka na kuvunjika. Mupaka leo haijathibitishwa nini kililiangusha, ila wengi walinyoosha kidole kwa baruti za wachimbaji. Mwaka wa 2007 muji ule uliweka jiwe la kutengenezwa palepale, na limefungwa vizuri. Watalii wanapiga picha, lakini jiwe la kutengenezwa halimshuhudii mtu yeyote.

Tena, mwaka wa 2013, huko Utah, Marekani, watu wazima waliokuwa wakiongoza vijana wa skauti walisukuma jiwe moja la zamani sana kutoka kwenye mguu wake katika hifadhi ya Goblin Valley. Walijitetea wakisema walihofia lisiangukie watoto. Wakahukumiwa. Naelewa hofu yao kuliko namna walivyoitatua. Na hofu hiyohiyo ndiyo inafanya watu waniulize, kila mara tukizungumza mambo ya mawe kwenye radio: sasa, jiwe la kwetu, tukae chini yake ao tuhame?

Hapa lazima tutenganishe mawe mawili ambayo kwa macho yanafanana.

Kuna jiwe lililokaa juu ya jiwe. Kuna jiwe lililokaa ndani ya udongo, kwenye mteremko. Lile la kwanza ndilo linaogopesha macho. Lile la pili halistui mtu, unaweza hata kuanika nguo juu yake. Na ndilo linaloua.

Tunakumbuka Kalehe. Tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa iliteremusha milima juu ya Bushushu na Nyamukubi, Kivu ya Kusini. Watu zaidi ya 400 walikufa na wengine wengi hawakuonekana. Wale walioona picha za kesho yake wanakumbuka si matope tu: mawe makubwa kama nyumba, yamelala mahali ambapo kulikuwa soko na makao. Yale mawe hayakuwa mawe ya kupigia picha. Yalikuwa yameshikwa na udongo kwenye mteremko, na udongo ulikuwa umeshikwa na mizizi. Miti ikikatwa kwa makala na mashamba, mizizi inaoza nyuma ya miaka michache. Mvua ikijaza udongo, udongo unakuwa kama bukari iliyotiwa maji mengi, na jiwe halina tena kitu cha kulishika. Uvira mwezi wa Aprili 2020, wakati mto Mulongwe ulifurika, maji yalibeba mawe vilevile.

Jiwe la graniti lililokaa juu ya graniti, mvua haiwezi kulifanyia hivyo. Mchanga wake uliisha kuoshwa zamani. Lakini mtu anaweza. Mchanga uliobaki kwenye mguu wa mawe ya graniti ni mzuri kwa kujenga, na kila mfuko una bei. Mtu anachimba leo, jirani anachimba kesho, kisha mwaka jiwe dogo lililokuwa linakaza lile kubwa limeachwa hewani. Wengine wanachoma mipira ya motokari juu ya jiwe ili lipasuke, waligonge na nyundo. Moto ule haupasui tu pale unapotaka. Nyufa zinakimbia ndani, na jiwe la pembeni linaweza kuachilia miezi nyuma yake, mwenye moto ameisha kwenda. Sisi wa Katanga hatuhitaji kufundishwa juu ya kuchimba chini ya kitu kizito. Mwezi wa Juni 2019, karibu na Kolwezi, ukuta wa shimo la shaba uliangukia wachimbaji wadogo, na zaidi ya 30 walikufa.

Kwa hiyo, yule aliye na jiwe kubwa juu ya nyumba yake aangalie wayo wake mbele ya kuangalia tumbo. Limegusa mwamba ao udongo? Kama ni mwamba, na yale mabaka ya kijivu na ya kijani yanayoota polepole juu ya mawe yamefunika wayo na mwamba pamoja, bila kukatika, jiwe lile halijasogea kwa muda mrefu. Kama unaona mstari mweupe ao mwekundu wa jiwe jipya, mahali ambapo rangi ya zamani imebanduka, kuna kitu kimesogea. Mchanga mpya unaomwagika kila mvua, mawe madogo yanayoteremuka usiku, mti uliokuwa umesimama na sasa umeinamia bonde, ufa kwenye udongo juu ya jiwe unaopanuka: hizo ni habari za kupeleka kwa shefu wa kartie siku ileile, na za kufanya watoto walale kwa jamaa mpaka mtu anayejua afike kuangalia. Usiliinue na nyundo wala usilisukume ili kujaribu. Usiweke fimbo ya kulishikilia, haitasaidia kitu, na aliyeiweka ndiye atakuwa chini.

Huku kusini mwa Katanga mvua zinaanza Oktoba ao Novemba. Mwezi wa Agosti na Septemba, kama majani yameungua na mteremko uko wazi, wayo wa mawe unaonekana vizuri kuliko wakati wowote. Yule aliye na simu apige picha ya wayo kila mwaka, amesimama palepale, na aweke kitu cha kulinganisha pembeni, hata kama ni jembe ao kiatu. Picha mbili za miaka miwili zinamwambia shefu ao mtaalamu mambo mengi kuliko maneno yetu yote.